Joto kwa betri, unyevu kwa mswaki: hiki au kile?

Niliweka simu yangu ya zamani mezani, nikaisukuma kwa kidole, ikazunguka kama pia. Simu iliyo salama haizunguki hivyo. Mgongo wake ni bapa, hutulia ulipowekwa. Nilipoiinua usawa wa macho nikaona kifuniko cha nyuma kimetuna katikati, na upande mmoja wa kioo umeachana na fremu kiasi cha kupitisha ukucha. Betri ilikuwa imevimba. Kwa miaka miwili nilikuwa nailaza chini ya mto ikiwa kwenye chaji. Kila asubuhi naikuta ya moto, nami nadhani ndivyo simu zilivyo.

Wiki hiyohiyo, nikisafisha bafu, niliinua kikombe cha miswaki. Chini yake palikuwa na maji ya kijivu, mazito kama uji mwepesi, na miswaki minne imesimama humo. Tulikuwa tunapiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, kisha tunaurudisha kwenye uchafu ule bila hata kutazama.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeanza kuniuliza. "Dada, simu niiache kwenye chaji usiku kucha au niichomoe?" Kesho yake: "Na mswaki, niufunike au niuache wazi?" Maswali ya aina hii huja mawili mawili, hiki au kile, na ndivyo nitakavyoyajibu. Baada ya kusoma na kujaribu, nimeona karibu yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja: adui wa betri ni joto, adui wa mswaki ni unyevu. Ukikwama katikati ya njia mbili, tazama ipi inaiacha betri ikiwa baridi zaidi, na ipi inauacha mswaki ukauke mapema zaidi.

Usiku kucha au kidogo kidogo?

Betri za simu za leo ni za lithiamu. Aina hii iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi tuliorithi ni wa betri zilizotangulia, zile za nikeli na kadimiamu. Hizo ukizoea kuzichaji kabla hazijaisha zilikuwa kama zinakariri, zinaanza kukata chaji mapema. Ndiyo maana tuliambiwa tuimalize betri kabisa kabla ya kuichaji, na simu mpya ilale kwenye chaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuwashwa. Betri ya lithiamu haikariri. Ukiimaliza kila siku mpaka simu ijizime, unaiumiza.

Kinachotokea ndani ni hiki. Unapochaji, ayoni za lithiamu, yaani chembe ndogo zenye umeme, huhama kutoka upande mmoja wa betri kwenda wa pili, na unapotumia simu hurudi zilikotoka. Betri ikijaa, volteji yake huwa juu kabisa, na kemikali za ndani huanza kulana polepole hata kama simu imelala tu mezani. Ukiongeza joto, kulana huko kunashika kasi. Battery University, tovuti ya elimu ya betri, imechapisha vipimo vinavyoonyesha jambo hili vizuri: betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzijoto 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake, lakini ikihifadhiwa imejaa hubaki na 80. Kwenye nyuzi 40, ile ya kwanza hubaki na 85, na iliyojaa hushuka hadi 65. Kujaa peke yake kuna madhara yake, joto lina ya kwake, na vikikutana ndipo betri inapozeeka mbele ya macho yako. Chini ya mto wangu vilikutana kila usiku.

Sasa tulinganishe. Simu haizidishiwi chaji. Ikijaa, saketi yake yenyewe hukata umeme. Kwa hiyo hofu kwamba italipuka kwa kuachwa tu usiku haina msingi, ikiwa betri ni nzima na chaja ni ya kuaminika. Tatizo ni kwamba inajaa kwa saa moja na nusu au mbili, halafu inakaa kwenye asilimia 100 mpaka alfajiri. Kuchaji kidogo kidogo, ukiizungusha kati ya 20 na 80, ni kupole zaidi kwa betri. Wala usihofu kwamba kuchomeka mara nyingi kunamaliza mizunguko yake: kutumia nusu ya chaji leo na nusu kesho huhesabiwa mzunguko mmoja, si miwili.

Mimi nachaji jioni nikipika, na kidogo asubuhi nikijiandaa. Anayepata nafasi usiku tu, achaji usiku, ila aingie kwenye mipangilio ya betri awashe kikomo cha asilimia 80, au ile chaji inayojirekebisha, ambayo husimama njiani na kumalizia karibu na saa ya kuamka. Simu nyingi mpya zinayo. Na simu ikae juu ya kitu kigumu, mbali na godoro. Kama ni jambo moja tu utakaloweza kubadilisha baada ya kusoma haya, badilisha hilo la mto.

Siku ya safari jaza mpaka 100 uondoke zako. Betri imetengenezwa itumike, na mtu anayehangaika na kila asilimia anajitesa bure.

Chaja ya haraka, ya polepole, au isiyo na waya?

Chaja ya haraka humimina umeme mwingi betri ikiwa karibu tupu, kisha hupunguza kadiri inavyojaa. Ndiyo maana kutoka 20 hadi 60 ni mbio, na kutoka 90 hadi 100 ni kinyonga. Simu na chaja huwasiliana juu ya kiasi cha kupokea, kwa hiyo haraka yenyewe si sumu. Pima kwa kiganja: ukishika mgongo wa simu ukauona vuguvugu, iache iendelee, ukiona unataka kuubandua mkono, vua kava, itoe juani, na acha kucheza gemu huku ikiwa kwenye waya. Apple inashauri simu zake zitumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na inaonya kwamba joto la kuzidi hapo linaweza kupunguza uwezo wa betri usirudi tena. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huvuka kiwango hicho upesi sana.

Chaja isiyo na waya ni raha, na inaiokoa tundu ya chaji isilegee. Lakini sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, na simu ikikaa upande kidogo tu, joto linaongezeka. Kwa matumizi ya kila usiku naipa nafasi ya kwanza chaja ya polepole yenye waya. Ya haraka naiweka kwa siku za haraka. Isiyo na waya naona inamfaa zaidi ambaye tundu lake limeshaanza kuchezacheza.

Kuna wanaoipoza simu ya moto kwa kuitia kwenye friji. Tafadhali usifanye. Ikitoka humo, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Izime, iache kivulini, basi.

Kufunga programu au kupunguza mwangaza?

Mwangaza, bila kusita. Kioo ndicho mlaji mkubwa wa chaji kwa watu wengi. Ile kazi ya kufagia programu zote kila baada ya dakika tano haisaidii, na mara nyingi inaongeza ulaji, kwa sababu simu inalazimika kuzipakia upya kuanzia mwanzo utakapozihitaji. Funga ile iliyokwama, au inayoonekana kwenye orodha ya betri kuwa inakula hata usipoigusa.

Mandhari meusi husaidia kwa masharti. Kwenye kioo cha OLED, ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe, nukta nyeusi huwa zimezimwa kabisa. Kwenye LCD, kioo kinachomulikwa kwa nyuma, taa ya nyuma inawaka tu, uwe na weusi au weupe. Na hata kwenye OLED faida inategemea mwangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba ukiwa na mwangaza wa asilimia 30 hadi 50, kama wengi wetu tukiwa ndani, mandhari meusi huokoa asilimia 3 hadi 9 tu ya chaji. Kwenye mwangaza wa 100 ndipo huokoa 39 hadi 47. Kwa hiyo ukiwa nje juani yatakufaa. Ukiwa sebuleni, telezesha mwangaza chini kwanza.

Jambo ambalo watu hulisahau ni mtandao hafifu. Mnara ukiwa mbali, simu hupaza nguvu ya kurusha mawimbi na kutafuta bila kupumzika, na chaji inayeyuka huku simu ikiwa mfukoni. Ukijua unapita mahali pasipo na mtandao, weka hali ya ndege.

Betri mpya au simu mpya?

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo. Apple inasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibaki na 80 baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya 1,000. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka betri za simu zinazouzwa huko zistahimili mizunguko 800 kwa kiwango hichohicho. Ukinunua simu, hayo ndiyo maswali ya kuuliza, kuliko kung'ang'ania mAh, kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri hubeba, peke yake. Simu ya mAh 5,000 yenye kioo chenye kiu inaweza kuzima mapema kuliko ya 4,000 yenye kioo cha wastani.

Wengi hununua simu mpya kwa sababu ya zamani imekuwa nzito, kumbe ni betri. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Kwa hiyo kama kioo ni kizima, bado inapokea masasisho ya usalama, na malalamiko yako ni chaji na uzito tu, anza na betri. Pawabenki ni ya kuvusha siku, haitibu betri iliyochoka. Na usidanganyike na hesabu zake: ya mAh 10,000 haijazi betri ya 5,000 mara mbili, kwa kuwa volteji hubadilishwa njiani na sehemu ya umeme hupotea kama joto. Tarajia mara moja na kitu.

Betri iliyovimba haina ulinganisho. Acha kuichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiitupe kwenye takataka za kawaida. Fundi aliyeitoa ya kwangu aliishika kama yai, akaiweka peke yake kwenye kopo lenye mchanga, akaniambia: "Dada, ungeikalia hii tungeongea mengine."

Mswaki: wazi au uliofunikwa?

Wazi. Najua inaonekana kinyume, maana tumezoea kwamba kilichofunikwa ndicho kisafi. Lakini mswaki uliotoka mdomoni una maji, mate na mabaki, na ukiufunga kwenye kikasha ukiwa hivyo umewajengea bakteria chumba chenye joto na unyevu. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kinashauri uusuuze kwa maji ya bomba, uusimamishe kichwa juu, uukaushe kwa hewa, na usiufungie kila siku kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kifuniko kiwe cha safari, chenye matundu, na ukifika uutoe.

Unyevu ni kesi ya zamani kwa mswaki. Kabla ya nyuzi za nailoni kuanza kuuzwa mwaka 1938, miswaki ilitengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, ambayo yalikuwa yanachelewa kukauka. Nailoni hukauka haraka, lakini ukiipa nafasi. Kwangu sasa kikombe kimeondoka. Tuna kishikio chenye matundu manne, chini wazi, vichwa havigusani. Kila mmoja anaukung'uta wake mara tatu ukingoni mwa sinki kabla ya kuurudisha. Sauti ile ya tak, tak, tak imekuwa saa ya nyumba.

Kutogusana nako si urembo. Mswaki hutoa damu kidogo kwenye ufizi hata usipoiona, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuazimana mswaki, hata kwa mume na mke, ni jambo la kuachwa kabisa. Watoto wape rangi tofauti kabisa, si bluu na bluu iliyokolea.

Kufunga kifuniko cha choo au kuhamisha mswaki?

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walimulika choo kwa leza kikivutwa maji, wakaona matone yasiyoonekana kwa macho yakipanda hadi mita 1.5 ndani ya sekunde 8. Choo kile hakikuwa na kifuniko, na wengi tulijifariji kwamba cha kwetu tunakifunga. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona uliotoka 2024 ulionyesha kwamba kwa virusi, kufunga au kutofunga hakukuleta tofauti ya maana, kwa kuwa hewa hupenya pembeni. Kuosha choo kwa dawa ndiko kulikosaidia.

Funga kifuniko, ni tabia njema, ila mswaki uhamishe. Mbali kadiri bafu linavyoruhusu, au utoke nje ya bafu kabisa. Sisemi haya kumtia mtu hofu: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vijidudu vya mswakini vinamfanya mtu mwenye afya njema augue. Kuhamisha hakugharimu kitu, ndiyo sababu nakupendelea.

Kuua vijidudu au kubadilisha mswaki?

Watu huchemsha miswaki, huitia kwenye maikrowevu, huiloweka kwenye dawa ya kusukutua, hununua visanduku vya mwanga wa urujuanimno. Mwanga hupunguza bakteria lakini hauwamalizi, na haijaonyeshwa kwamba anayeutumia anaugua mara chache zaidi. Maikrowevu na maji ya kuchemka hupinda nyuzi. Kuloweka miswaki ya familia kwenye chombo kimoja ndiyo mbaya kuliko zote, maana unawachanganyia kila kitu.

Badilisha kila miezi 3 hadi 4, na kabla ya hapo nyuzi zikitawanyika kama ua lililochanua. Nyuzi zilizopinda haziondoi ukoga vizuri. Zikitawanyika ndani ya wiki chache tu, unakandamiza mno. Punguza nguvu, na mswaki utakaofuata uwe laini. Laini dhidi ya ngumu haihitaji mjadala mrefu: ngumu hukwangua ufizi, na ufizi ukishapanda haurudi wenyewe.

Wa mkono au wa umeme?

Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 56, yalikuta kwamba baada ya miezi 3 waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21 na uvimbe wa ufizi pungufu kwa asilimia 11. Ni tofauti ya kweli. Lakini mwenye mswaki wa mkono anayetumia dakika 2 kamili, mara mbili kwa siku, na dawa yenye floridi, hana cha kuonea haya. Wa umeme nampendekezea mwenye vidole vinavyouma, mtoto asiye na subira, mtu mzima ambaye kila akienda kwa daktari wa meno anaambiwa ufizi wake unatoa damu. Mwenye mkono mzuri na saa ya ukutani abaki na wake.

Mdogo wangu alinunua wa umeme, akaja na swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Huu sasa niutunze kama simu au kama mswaki?"

Kama vyote viwili. Una betri ndani, mara nyingi ya lithiamu, na huchajiwa bila waya juu ya kitako chake. Watengenezaji wengi husema hakuna ubaya kuuacha hapo, lakini ukidumu wiki nzima kwa chaji moja, sioni haja ya kuukalisha kwenye umeme kila saa. Kisha nikamwomba akichomoe kichwa. Shingoni, pale chuma kinapoingia, palikuwa na utepe wa ute mweusi wa kijivu, dawa ya meno na mate ya wiki tatu, na harufu yake iliturudisha nyuma sote wawili. Unaposuuza kichwa kikiwa mahali pake, maji hayafiki hapo. Akapafuta kwa kitambaa, akasuuza kichwa ndani na nje, akakikung'uta. Usiku mpini unalala upande mmoja wa rafu na kichwa upande wa pili, vikavu, mpaka asubuhi.